Vipeo: wanafunzi wa S1 na S2 wanarudia makosa yale yale, nianzie wapi kuwasahihisha?

Kochingi_Arua

Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha hesabu jioni kwa vijana wa S1 na S2 (mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari) hapa Arua, Uganda, na sasa tumefika kwenye vipeo. Kanuni wamezikariri. Ukiwauliza wanazitaja zote bila kusita. Wape zoezi sasa, daftari zinarudi hivi:

1. 2³ × 2⁴ = 4⁷
2. 5⁰ = 0
3. 2⁻³ = −8, wengine −6
4. (3a²b³)² = 3a⁴b⁶
5. 2⁵ + 2³ = 2⁸
6. (x + y)² = x² + y²
7. 16^(3/4) = 12

Kuna na ugomvi wa −3². Nusu ya darasa wanasema 9, nusu −9, na mmoja ameleta jibu kutoka kwenye kompyuta ya kaka yake: 9. Anasema mashine haikosei.

Naomba njia ya kuwaeleza bila kuwaongezea orodha nyingine ya kukariri. Na −3² ni ngapi hasa? (Alama ^ naiweka pale simu inapokataa kuandika kipeo kidogo.)

---

Chaki_Mbale

Mwalimu, makosa yote saba yanatoka mahali pamoja. Vijana wanadhani kanuni za vipeo ni amri kuhusu zile tarakimu ndogo za juu: hapa jumlisha, pale toa, kule zidisha. Hawajaona kwamba kipeo kinahesabu kitu. 2³ maana yake 2 imeandikwa mara tatu na kuzidishwa: 2 × 2 × 2. Ile 2 ya chini ni kizio, 3 ni kipeo, na hakuna kingine. Mwanafunzi akishika hilo, kanuni anaweza kuzitengeneza mwenyewe akiwa katikati ya mtihani.

Kwa hiyo kwa wiki nzima ya kwanza wakataze kutumia kanuni. Wafungue kila kitu kirefu:

2³ × 2⁴ = (2 × 2 × 2) × (2 × 2 × 2 × 2)

Wahesabu 2 ziko ngapi. Ziko saba, kwa hiyo 2⁷ = 128. Sasa waulize hiyo 4 ya kwenye 4⁷ imetoka wapi. Kwenye mstari wote hakuna 4. Wapige na thamani zenyewe: 8 × 16 = 128, wakati 4⁷ ni 16,384. Mtu akishaona pengo la namna hiyo harudii haraka.

Kugawanya ni vivyo hivyo. 5⁶ ÷ 5² ni 5 sita juu na 5 mbili chini. Mbili za chini zinakatana na mbili za juu, zinabaki nne. 5⁴. Ndiyo maana tunatoa vipeo. Wengi huandika 5³ kwa sababu wamegawanya 6 kwa 2, na wengine huandika 1⁴ kwa sababu wamekata vizio vyenyewe. Kufungua kunaziba matundu yote mawili.

Kipeo juu ya kipeo: (3²)⁴ ni 3² mara nne, yaani mbili, mbili, mbili, mbili. Jumla nane. 3⁸. Hapa ndipo tunapozidisha vipeo.

Sasa jambo ambalo walimu wengi hatuliangalii, nalo linaharibu sana: mifano tunayochagua ubaoni. Usiwape kamwe 2² × 2² kuwa mfano wa kwanza. Ukijumlisha vipeo unapata 2⁴. Ukivizidisha pia unapata 2⁴. Mtoto aliyeshika kanuni isiyo yake anapata alama ya vema, anakwenda nyumbani na kosa lake likiwa limebarikiwa. (2²)² ina ugonjwa huo huo. Hata 4² na 2⁴ zote ni 16, na kuna watoto wanaotoka hapo wakiamini kizio na kipeo hubadilishana nafasi bila madhara. Wape 2³ na 3², yaani 8 na 9, waone. Mifano mizuri ni ile ambayo kila kosa linatoa jibu lake tofauti: 3² × 3⁵, 10³ × 10⁴, (5²)³.

Namba 4 kwenye orodha yako: (3a²b³)². Fungua tu. (3a²b³)(3a²b³). 3 ziko mbili, kwa hiyo 9. Zile a² ziko mbili, a⁴. Zile b³ ziko mbili, b⁶. Jibu 9a⁴b⁶. Wanasahau 3 kwa sababu haina kipeo kinachoonekana, na macho yao yanatafuta tarakimu ndogo za juu tu. Waambie 3 ina kipeo 1 kisichoandikwa. Halafu walinganishe na 3a² bila mabano, ambapo kipeo kinagusa a peke yake. Kipeo hushika kile tu kinachogusana nacho kushoto kwake. Mabano ndiyo yanayokiongezea mzigo.

---

Chaki_Mbale

Naendelea na sifuri na hasi, maana haya yanataka mstari wake. Andika ubaoni ukishuka:

3⁴ = 81
3³ = 27
3² = 9
3¹ = 3
3⁰ = ?
3⁻¹ = ?
3⁻² = ?

Usiseme chochote. Waulize tu, kutoka mstari mmoja kwenda unaofuata upande wa kulia tunafanya nini? Tunagawanya kwa 3. Basi endeleeni. 3 ÷ 3 = 1. Halafu 1/3. Halafu 1/9. Wamefika wenyewe kwenye 3⁰ = 1 na 3⁻² = 1/3². Rudia kwa kizio 2 na kwa kizio 10 waone kwamba sifuri inatua kwenye 1 kila mara.

Anayebisha mwonyeshe kwa njia ya pili: 5³ ÷ 5³ ni 125 ÷ 125, ni 1. Kwa kutoa vipeo ni 5⁰. Kitu kimoja hakiwezi kuwa na thamani mbili.

Kuhusu −8 na −6, kosa ni kufikiri kwamba alama ya hasi kwenye kipeo inageuza alama ya jibu. Haigeuzi. Inapeleka namba upande wa pili wa mstari wa sehemu. 2⁻³ = 1/2³ = 1/8, nayo ni chanya. Na sehemu ikiwa na kipeo hasi, inapinduka kwanza: (2/3)⁻² = (3/2)² = 9/4. Angalia pia 1/4⁻²: hapo 4⁻² inapanda juu na kuwa 16. Wengi huandika 1/16.

---

Hesabu_ni_Raha

Kwa ufupi: kitu chochote kikiwa na kipeo sifuri ni 1. Hata 0⁰ ni 1. Basi.

---

Kompyuta_Wandegeya

@Hesabu_ni_Raha hapo kwenye 0⁰ umekwenda mbio. Hoja ya Chaki_Mbale ya 5³ ÷ 5³ inasimama kwa sababu tunaweza kugawanya kwa 125. Weka 0 mahali pa 5: unapata 0 ÷ 0, na kugawanya kwa sifuri hakuna. Ule mstari wa kushuka nao unakwama palepale. Kwa mwanafunzi wa S2 kanuni iandikwe kamili: a⁰ = 1, a isiwe 0. Kuna matawi ya hesabu ya juu wanakokubaliana kuichukua 0⁰ kuwa 1 kwa sababu fomula zao zinakaa vizuri hivyo, na ndiyo maana mashine zenyewe hazikubaliani: Python (lugha ya programu) ukiandika 0**0 inakupa 1, Excel (programu ya majedwali) ukiandika =0^0 inakurudishia #NUM!.

Na hapo hapo nijibu ile ya −3². Jibu la hesabu ni −9. Kipeo kinatangulia, alama ya kutoa inafuata: chukua 3, izidishe yenyewe, upate 9, ndipo uweke hasi. Kama unataka hasi nayo iingie, weka mabano: (−3)² = 9. Ni lile jambo la kipeo kushika kile tu kinachogusana nacho kushoto kwake.

Huyo kijana wa kompyuta ya kaka yake yamkini ametumia Excel. Excel ina desturi yake: ukiandika =-3^2 inaisoma ile alama ya mwanzo kama sehemu ya namba, inakupa 9. Lakini andika =0-3^2, inakupa −9. Python inatoa −9 kwa -3**2, na kikokotoo cha kisayansi cha kawaida pia −9. Kwa hiyo mashine haikukosea kwa sheria zake, ila sheria zake si za kitabu. Dawa ni mabano kila wakati.

Mengine ya vikokotoo ambayo yanawala alama vijana:

16^(3/4) ukiibonyeza bila mabano, 16^3/4, kikokotoo kinafanya 16³ = 4,096 kisha kinagawanya kwa 4. Jibu 1,024. Sahihi ni 8. Kwenye vile vya kisasa vinavyoandika kipeo juu kabisa hatari ni ndogo, lakini vingi vinavyozunguka madarasani ni vya mstari mmoja.

Kitufe cha EXP, au kilichoandikwa ×10ˣ, tayari kina "mara kumi kwa kipeo" ndani yake. Kuandika 3 × 10⁸ unabonyeza 3, EXP, 8. Kijana anayebonyeza 3 × 10 EXP 8 amepata 3 × 10⁹, mara kumi zaidi, na hatajua kwa sababu skrini inaonekana sawa tu.

Kipeo juu ya kipeo bila mabano, 2^3^2: vitabuni unaanza juu, 3² = 9, halafu 2⁹ = 512. Excel inaanza kushoto, 2³ = 8, halafu 8² = 64. Mabano tena.

Na kwa wanaojifunza programu: ndani ya Python alama ^ si kipeo kabisa. 2^3 inakupa 1, kwa sababu ni kitendo kingine cha biti. Kipeo ni **.

---

SinyaTu_Gulu

Naomba kuuliza, mimi ni mwanafunzi. Mwalimu wetu amesema vipeo havijumlishwi kama kuna alama ya kujumlisha katikati. Lakini 2³ + 2³ = 16 = 2⁴. Na 3⁵ + 3⁵ + 3⁵ rafiki yangu anasema ni 3⁶ na kikokotoo kinamkubali. Sasa si tunajumlisha?

---

Chaki_Mbale

Swali zuri sana, mwanangu. Angalia vizuri: kama mngekuwa mnajumlisha vipeo, 2³ + 2³ ingekuwa 2⁶, yaani 64. Haikuwa. Kilichotokea ni hiki: una vitu viwili vinavyofanana, kila kimoja ni 2³. Vitu viwili vya 2³ ni 2 × 2³. Sasa umepata kuzidisha, na kuzidisha ndiko kunakoruhusu kujumlisha vipeo: 2¹ × 2³ = 2⁴. Ilitokea bahati kwamba idadi ya vitu, mbili, ni sawa na kizio. Rafiki yako naye ana 3⁵ tatu, 3 × 3⁵ = 3⁶. Jaribu 2³ + 2³ + 2³: ni 3 × 8 = 24, na 24 huwezi kuiandika kuwa 2 yenye kipeo kizima.

Kwa 2⁵ + 2³ ya mwalimu wa Arua, unatoa nje kilicho kidogo: 2³(2² + 1) = 8 × 5 = 40. Hiyo ndiyo njia ukiwa na kujumlisha au kutoa: tafuta kizidishi cha pamoja, kitoe nje ya mabano, maliza ndani. 7³ + 7² = 7²(7 + 1) = 49 × 8 = 392. Na 10⁶ − 10⁵ si 10, ni 10⁵ × 9 = 900,000.

(x + y)² nayo iko humu humu. Kipeo kinaingia ndani ya mabano kukiwa na kuzidisha au kugawanya. Kukiwa na kujumlisha hakiingii. Weka 3 na 4: (3 + 4)² = 49, lakini 9 + 16 = 25. Hizo 24 zilizopotea ni 2 × 3 × 4, ndiyo ile 2xy. Ukitaka waione kwa macho, chora mraba wenye upande wa 7, ukate kila upande kwenye 3 na 4. Utapata mraba wa 9, mraba wa 16, na mistatili miwili ya 12 kila mmoja. Mistatili hiyo ndiyo wanayoitupa.

Halafu kuna hili hawafundishwi vya kutosha: vizio tofauti. 2⁴ × 5⁴ inaungana kwa sababu vipeo ni sawa, (2 × 5)⁴ = 10⁴. 2³ × 3² haiungani popote, vizio tofauti na vipeo tofauti; kokotoa tu, 8 × 9 = 72. Wanafunzi huandika 6⁵. Lakini mara nyingi vizio huonekana tofauti kumbe ni ndugu. 72² ÷ 6³, kwa mfano. Vunja kila kizio mpaka namba tasa: 72 = 2³ × 3², kwa hiyo 72² = 2⁶ × 3⁴. 6³ = 2³ × 3³. Gawanya 2 kwa 2 na 3 kwa 3: 2³ × 3 = 24. Bila kikokotoo, bila 5,184 ÷ 216. Milinganyo ya vipeo nayo inafunguka kwa ufunguo huo. 9^(x+1) = 27^(x−1): pande zote ziwe kizio 3, 2(x + 1) = 3(x − 1), x = 5. Angalia mabano yanavyotakiwa pale; wanaoandika 2x + 1 = 3x − 1 wanapata 2.

---

Mpimaji_Mukono

Niongeze upande wa kazi, kwa sababu mtoto akiuliza "hii itanisaidia nini" jibu liko kwenye ploti. Viwanja huku vinatangazwa 50 kwa 100, futi. Eneo ni futi za mraba 5,000. Mteja anataka mita za mraba. Futi moja ni mita 0.3048, kwa hiyo wengi wanazidisha 5,000 × 0.3048 na kupata 1,524. Makosa makubwa. Ukibadilisha kipimo cha urefu, eneo linabadilika kwa kipeo cha pili: futi ya mraba moja ni (0.3048)² = 0.0929 mita za mraba. 5,000 × 0.0929 inatoa takriban mita za mraba 464.5. Aliyesema 1,524 amekuza ploti zaidi ya mara tatu.

Ni (ab)² = a²b² tu, lakini b ni jina la kipimo. Vile vile mita 1 = 10² sm. Basi m² 1 = (10²)² = 10⁴ sm², na m³ 1 = (10²)³ = 10⁶ sm³. Lita ni 10³ sm³. Gawanya, 10⁶ ÷ 10³ = 10³, ndiyo maana mita ya ujazo inabeba lita 1,000. Tangi la mchemraba lenye upande wa mita 1.5 ni 1.5³ = 3.375 m³, lita 3,375. Fundi aliyezidisha 1.5 × 3 atakuambia 4.5, na mchanga na saruji vitaagizwa kwa namba hiyo.

---

Kochingi_Arua

Asanteni sana walimu wangu. Ya 2² × 2² imenigusa, ndiyo iliyo ubaoni kwangu tangu Jumatatu, na leo inafutwa. Mbili zimebaki: kipeo cha sehemu sijaona kikifafanuliwa, na je, kuandika namba kubwa kwa vipeo vya 10 niwafundishe kabla au baada?

---

Kompyuta_Wandegeya

Kipeo cha sehemu kinatoka kwenye kanuni ile ile ya kujumlisha vipeo. Waulize: namba gani ukiizidisha yenyewe inatoa 9? Ni 3. Sasa tuseme 9^(1/2) ipo na inafuata kanuni. 9^(1/2) × 9^(1/2) = 9^(1/2 + 1/2) = 9¹. Kwa hiyo 9^(1/2) lazima iwe ile namba, kipeuo cha pili cha 9, yaani 3. Kwa njia hiyo hiyo 8^(1/3) ni kipeuo cha tatu cha 8, ni 2. Namba ya chini ya sehemu inataja kipeuo, ya juu inataja kipeo.

16^(3/4): kipeuo cha nne cha 16 ni 2, halafu 2³ = 8. Anza na kipeuo. Ukianza na kipeo utafika, 16³ = 4,096 na kipeuo chake cha nne ni 8, ila nani anataka kutafuta kipeuo cha nne cha 4,096 kichwani? Waliopata 12 wamezidisha 16 × 3/4. Ni kosa lile lile la kusoma 2³ kuwa 6, limevaa nguo nyingine, na ukiliona hapa ujue lilikuwepo tangu mwanzo.

Kukiwa na hasi na sehemu pamoja, fanya kwa hatua tatu, usiruke: 27^(−2/3). Hasi inapindua: 1 / 27^(2/3). Kipeuo cha tatu cha 27: 3. Mraba: 9. Jibu 1/9.

Angalizo la kizio hasi. (−8)^(1/3) ni −2, sawa. (−4)^(1/2) haina jibu kwenye namba za kawaida, kwa sababu hakuna namba ambayo ukiizidisha yenyewe inatoa hasi. Na jihadhari na ((−3)²)^(1/2): mtu anazidisha vipeo haraka, 2 × 1/2 = 1, anaandika −3. Lakini ndani ni 9, na kipeuo chake ni 3. Kanuni ya kuzidisha vipeo, zikiingia sehemu, inadai kizio chanya.

---

SACCO_Jinja

Msisahau riba. Milioni 2 kwa asilimia 10 kwa mwaka, riba ikiingia kwenye mtaji, miaka mitatu: 2,000,000 × 1.1³ = 2,662,000. Riba ya kawaida ingekuwa 2,600,000. Kipeo kinashika 1.1 peke yake, anayekiweka juu ya (2,000,000 × 1.1) anapata namba ya tarakimu 20 na SACCO inafungwa kesho. Na mkopo wa asilimia 2 kwa mwezi unaolimbikizwa si asilimia 24 kwa mwaka, ni 1.02¹² = 1.268, karibu asilimia 26.8. Waulizeni wanaokopesha.

---

Chaki_Mbale

Vipeo vya 10: wafundishe baada ya kipeo hasi, kabla ya kipeo cha sehemu. Hapo wana kila wanachohitaji. Umbo sanifu ni namba kuanzia 1 lakini chini ya 10, mara 10 yenye kipeo kizima. Tumia namba za nyumbani. Sensa ya Uganda ya 2024 ilihesabu watu takriban milioni 45.9, yaani 4.59 × 10⁷. Eneo la Uganda ni takriban kilomita za mraba 241,000, yaani 2.41 × 10⁵. Watu kwa kilomita ya mraba: gawanya 4.59 ÷ 2.41, ni 1.90; vipeo 7 − 5 = 2. Jibu 1.90 × 10², karibu watu 190, maziwa yakiwa ndani ya eneo hilo.

Kujumlisha ndiko kunakowashinda, kwa sababu vipeo lazima vilingane kwanza. Rwanda ni takriban 2.6 × 10⁴ km². Uganda na Rwanda pamoja: geuza 2.6 × 10⁴ kuwa 0.26 × 10⁵, halafu 2.41 + 0.26 = 2.67, jibu 2.67 × 10⁵. Kuna watakaokuandikia 5.01 × 10⁹. Mwulize huyo kama Rwanda ikiungana na Uganda inazidi dunia nzima kwa ukubwa, maana dunia yote, bahari na nchi kavu, ni takriban 5.1 × 10⁸ km².

Kwa kipeo hasi: chembe nyekundu ya damu ina upana wa takriban 7.5 × 10⁻⁶ m. Zinapangika ngapi kwenye mstari wa sentimita 1.5, yaani 1.5 × 10⁻² m? 1.5 ÷ 7.5 = 0.2. Vipeo: −2 − (−6) = 4. Hapo wengi huandika −8, kwa hiyo simama nao. 0.2 × 10⁴ bado si umbo sanifu, 0.2 iko chini ya 1. Isogeze: 2 × 10³. Chembe 2,000. Na kila unaposogeza nukta waulize: namba ya mbele imekua au imepungua? Ikikua mara kumi, kipeo lazima kipungue moja, vinginevyo thamani imebadilika.

Zoezi la kuwapa, nimelipanga ili makosa ya kwenye orodha yako, isipokuwa lile la (x + y)², yajionyeshe: 3² × 3⁵ ÷ 3⁴, 4⁰ + 4⁻¹, (−2)⁴ na −2⁴, 6⁴ ÷ 2⁴, (2x³)⁴, 5³ − 5², (1/2)⁻³, 25^(3/2), 32^(−2/5). Majibu kwa mpangilio: 27, 1¼, 16 na −16, 81, 16x¹², 100, 8, 125, ¼. Kikokotoo wasitumie, na asiyefungua hatua asipewe alama hata kama jibu ni sahihi.